Safari Mbili za Nazi Moja

"Mwambie ashuke na kamba, asiikate," Inspekta Adelard Kamugisha alisema. Macho yake yalikuwa chini, kwenye mawe manne yaliyopangwa mchangani.

Konstebo Marselino alizungushia mdomo viganja viwili akapaza sauti. "Pazi! Afande anasema kamba usiikate! Shuka nayo!"

"Nikishuka nayo itaninyonga, halafu mtasema Shomari kaniroga!" sauti ilijibu kutoka juu ya mnazi, ndani ya makuti.

Marselino alicheka peke yake.

Mawe yale aliyapanga Marselino mwenyewe Ijumaa iliyopita, kuonyesha mahali kilipokuwa kichwa cha marehemu. Saifuddin, mfanyabiashara wa mbata hapa Temeke, alikutwa amelala nyuma ya nyumba yake ya ghorofa, fuvu limepasuka juu ya sikio la kulia, na nazi yenye makumbi yake iko karibu na bega. Juu ya mnazi uleule aliopo Pazi sasa, siku ile alikuwapo Shomari, mkwezi wa shamba hilo, akiangua. Na wiki hiyohiyo Saifuddin alikuwa amemwambia Shomari kwamba safu ile ya minazi itakatwa lijengwe ghala la pili. Shomari alimjibu mbele ya wapakia magunia: "Atakayeukata mnazi huu, ataanguka yeye kwanza."

Maneno hayo Taiyeb, mdogo wa marehemu, aliyafikisha polisi kabla maiti haijaoshwa. Shomari akatiwa rumande. Jumatatu angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na mtu mzima yeyote wa Temeke alijua njia hiyo inaishia kwenye kitanzi. Hati ya kumkamata ilitiwa saini na Adelard.

Pazi alitua chini, akakung'uta vumbi la mnazi kifuani. Alikuwa mkwezi pia, wa shamba la jirani, na tangu Shomari akamatwe alikuwa anapitapita hapa kuuliza kama kazi iko wazi.

Adelard aliinyoosha ile kamba ardhini, akaipima kwa futi yake ya mti. "Futi sabini kutoka shada la nazi hadi chini."

"Afande, nani mgeni wa minazi, mie au wewe?" Marselino alisema. "Mie nimezaliwa Lindi. Nazi ikitoka juu inakuja chini. Kuna hesabu gani tena?"

"Inakuja chini wapi?"

"Chini ya mnazi."

"Na haya mawe yako yako wapi?"

Marselino alitazama shina, akatazama mawe. Kutoka shina hadi kwenye mawe palikuwa na futi arobaini.

Adelard alichukua ndimu mbili kwenye mti wa uani akamkabidhi. "Panda juu ya Landrova. Mkono wa kushoto uachie tu. Mkono wa kulia urushe mbele, sawasawa na bega, usipandishe. Zote kwa mara moja. Pazi, wewe fumba macho usikilize."

Marselino alipanda juu ya gari akafanya kama alivyoambiwa. Ndimu moja ilianguka karibu na gurudumu, nyingine ikaenda mbali karibu na kisima.

"Umesikia vishindo vingapi?"

"Kimoja," Pazi alisema, akafumbua macho. "Nyingine iko wapi?"

"Kule kisimani. Zimetua pamoja." Adelard alichutama, akachora mistari miwili mchangani kwa kijiti: mmoja wa kushuka, mmoja wa kwenda mbele. "Kitu kikirushwa kina safari mbili. Moja ni ya kushuka, na hiyo haijali umekirusha au umekiachia. Ya pili ni ya kwenda mbele, na hiyo inategemea mkono wa mrushaji. Haziingiliani."

"Safari mbili kwa nauli moja," Marselino alisema kutoka juu ya gari. "Wenye mabasi wasisikie."

"Sekunde ya kwanza, kitu kinashuka futi kumi na sita. Zikitimia sekunde mbili, kimeshashuka sitini na nne. Hapa nimepata sabini. Lakini Saifuddin alikuwa amesimama, na alikuwa mrefu, futi sita kasoro kidogo. Nazi haikuhitaji kufika ardhini, ilihitaji kufika kichwani tu. Sabini toa sita?"

"Sitini na nne," Marselino alisema, safari hii bila mzaha.

"Basi ilikuwa hewani sekunde mbili. Na katika sekunde mbili hizo ilitakiwa iende mbele futi arobaini. Yaani futi ishirini kila sekunde." Adelard alisimama, akapangusa magoti. "Pazi, unaweza?"

"Kufanya nini?"

"Kukaa kule juu, miguu kwenye kitanzi cha kamba, mkono mmoja umekumbatia mti, halafu mkono mwingine uirushe nazi yenye makumbi ifike kwenye mawe haya."

Pazi aliyatazama mawe. Alipenda sana nazi ile ifike. Ikifika, Shomari harudi tena. "Shomari si mwanamume kunizidi mie," alisema, akaanza kupanda.

Nazi ya kwanza ilianguka futi kumi na mbili kutoka kwenye shina. Ya pili, kumi na tano. Ya tatu Pazi aliitoa kwa ukelele, mti wote ukatikisika, makuti makavu yakashuka pamoja nayo, ikatua futi kumi na nane.

"Ongeza!" Marselino alimwita.

"Nikiongeza nitajitupa mwenyewe! Huku hakuna pa kukanyaga, Konstebo, njoo basi wewe wa Lindi!"

Taiyeb alikuwa ametoka ndani kwa kelele zile. Alisimama kwenye kivuli cha ghala, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu imekaa sawa kichwani, mikono nyuma.

"Inspekta, huu ni msiba au ni mchezo?"

"Pole tena, Bwana Taiyeb. Ni kupima."

"Kupima nini? Mtu alitishia, mtu akaua. Kama mkono hautoshi, basi alikuwa na teo. Vijana wa hapa wanapigia ndege."

"Teo linazungushwa kwa mkono mmoja juu ya kichwa. Juu ya mnazi ungepiga makuti kwanza. Na nazi yenye makumbi haikai kwenye teo." Adelard alikunja kamba. "Tena daktari anasema mfupa ulipasuka, haukupondeka. Nazi nzima kutoka futi sabini inaponda. Hilo nililisoma siku ya kwanza, nikalipita."

"Kwa hiyo kaka yangu amekufa kwa nini?"

"Ndilo tunalolitafuta."

Taiyeb alitema neno la Kihindi kwa sauti ndogo, akabaki kivulini.

Adelard alifungua nyuma ya Landrova, akatoa mfuko wa ushahidi. Ndani yake mlikuwa na nazi iliyookotwa begani mwa maiti, na shati la marehemu. Alilikunjua shati. Damu ilikuwa imekauka kwenye ukosi. Lakini chini ya ukosi, hadi kwapani, palikuwa na doa jingine, pana, lisilo na rangi, kitambaa kimekakamaa. Alilinusa, akampa Marselino.

Marselino alilisogeza mbali mara moja. "Limechacha."

"Damu inachacha hivi?"

"Si damu hii, Afande. Hayo maji ya nazi." Kisha akaitazama ile nazi ya ushahidi, akaigeuza mkononi. Makumbi yake yalikuwa mazima pande zote, hata alama ya kubonyea haikuwapo. Aliitikisa. Maji yalicheza ndani.

"Hii haijapasuka," alisema polepole.

"Haijapasuka. Kwetu Bukoba tuna ndizi, Marselino. Niliona nazi karibu na maiti, nikaandika nazi. Lakini iliyompiga ilikuwa imefuliwa, imetolewa makumbi imebaki na kifuu chake, ikapasukia kichwani. Mtu akaiondoa akaweka hii." Aligeuka taratibu akiwa amesimama kati ya mawe manne. Mbele yake mnazi, futi arobaini. Nyuma yake nyumba.

Kwenye ghorofa ya juu palikuwa na roshani ya mbao yenye nakshi, inayotazama shamba. Adelard alipima kutoka mawe hadi ukutani chini ya roshani: futi kumi na nne. Marselino alipanda ngazi za nje na kamba, akaiteremsha. Sakafu ya roshani ilikuwa futi kumi na saba kutoka ardhini.

"Mtu mfupi, usawa wa kichwa chake, ongeza tano," Adelard alisema. "Ishirini na mbili. Toa sita za kichwa cha Saifuddin."

Marselino alihesabu kwa vidole. "Kumi na sita. Sekunde moja."

"Futi kumi na nne kwa sekunde moja. Hapo hauhitajiki mkono wa mkwezi. Kama iliinuka kidogo kwanza, ilikaa hewani zaidi, na mkono dhaifu kuliko huo ungetosha." Aliita kivulini: "Bwana Taiyeb. Asubuhi ile nani alikuwa roshani?"

"Juu ni kwa wanawake. Mama yangu. Shemeji yangu. Na mtoto wa marehemu, Zehra, alikuwa na homa." Uso wake ulibadilika. "Inspekta, angalia unapokwenda."

"Ninaangalia sasa. Nilipaswa kuangalia Ijumaa. Nani alifika kwanza kwenye maiti?"

"Shehnaz. Mkewe."

Shehnaz alikuwa kwenye eda. Asingeweza kukaa mbele ya mwanamume wa nje, kwa hiyo waliketi sebuleni juu, pazia zito la kijani likiwa katikati. Upande wa pili zilisikika bangili zikivuliwa moja moja na kuwekwa juu ya kitu cha bati.

"Pole kwa msiba, Bibi Shehnaz."

"Nimeshapoa, Bwana Inspekta. Uliza."

"Ulipomkuta mumeo, nazi iliyokuwa karibu naye ilikuwa ya namna gani?"

"Nazi ni nazi."

"Shati lake lina maji ya nazi. Nazi tuliyoiona sie ina makumbi na haijapasuka."

Nyuma ya pazia bangili moja iligonga bati.

"Kwenye jiko lako mnatumia nazi iliyofuliwa. Vifuu mnavitupa wapi?"

"Vinachomwa."

"Na kile cha siku ile?"

"Kilichomwa," alisema. Marselino alikuwa amesimama mlangoni. Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Bibi Shehnaz," Adelard alisema, "sikuja kutafuta mtu wa kumfunga. Ninaye tayari, na siye. Shomari akifikishwa kwa hakimu Jumatatu na mie nikanyamaza, atanyongwa. Sitaki kuamini unalitaka hilo."

"Sikujua Shomari yuko juu ya mnazi!" Sauti ilipasuka nyuma ya pazia. "Wallahi sikujua. Nilidhani watasema ni ajali. Minazi inaangusha nazi kila siku, watu wanaumia, wanasema ni ya Mungu. Nilitaka iwe ya Mungu. Nikaokota nazi kwenye rundo nikaiweka pale. Halafu shemeji akaja akipiga kelele, ameuawa, ameuawa, Shomari ameua. Ningerudi nyuma vipi?"

"Ungerudi kwa kusema kweli."

"Kweli ya nani? Mume nimempoteza, Bwana Inspekta. Aliyebaki ni Mama. Niliolewa hapa nikiwa mdogo. Yeye ndiye aliyenilea. Unataka nimwambie nini?"

Adelard hakumharakisha. Shehnaz akasema yote, kwa sauti ya chini, mfululizo, kama mtu anayeteremsha mzigo ambao hakuna wa kumpokea. Zehra alikuwa na homa tangu Jumatano, haishuki. Mama mkwe, Rubabbai, akafanya alivyofanyiwa naye utotoni huko kwao Kathiawari, Uhindini, desturi ya bibi zake, wala si amri ya dini: alichukua nazi iliyofuliwa, akaizungusha juu ya kichwa cha mtoto, akasoma dua zake, akaenda roshani. Nazi hiyo imebeba ugonjwa. Inatupwa kwa nyuma, kupitia begani, na aliyeitupa haruhusiwi kugeuka kuona inapoangukia.

"Kwa nini upande wa shamba?" Adelard aliuliza.

"Kwa sababu upande wa mbele ni njia. Wanasema akiiruka mtu, homa inamhamia. Mama hakutaka imdhuru mpita njia. Nyuma saa zile hapapitagi mtu. Mbele magunia yalikuwa yamezuia mlango, yanapakiwa. Saifuddin alikuwa ametoka mjini kuchukua dawa ya mtoto. Akapitia nyuma."

Mlango wa chumba cha ndani ulifunguliwa.

Rubabbai alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mtandio wake mweupe umeshuka hadi kiunoni, tasbihi bado mkononi. Marselino alijitoa kando haraka. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni." Aliketi kwenye kiti cha mbao, akamtazama Adelard kwa utulivu wa mtu aliyezoea kupokea wageni wa msiba. "Nimesikia sauti ya Shehnaz. Analia. Mmemwambia nini mwanangu?"

"Hatukumwambia, Mama. Yeye ndiye aliyetuambia."

"Basi niambie na mie."

Adelard alivua kofia yake akaiweka gotini. "Mama, siku ile uliyotupa nazi ya Zehra, ulisikia chochote?"

"Nilisikia ikipasuka," Rubabbai alisema. "Ikipasuka vizuri ndiyo imekubaliwa. Nikashukuru. Nikaingia ndani, nikamgusa mtoto, jasho linamtoka, homa imeshuka. Nikasali rakaa mbili za shukrani." Vidole vyake viliendelea na tasbihi. "Nilikuwa bado kwenye msala waliponijia kuniambia Saifuddin yuko chini ya mnazi."

"Hakuwa chini ya mnazi, Mama."

Tasbihi iliendelea punje moja, nyingine, ikasimama.

"Wamesema chini ya mnazi. Taiyeb amesema."

"Mnazi uko futi arobaini kutoka pale. Roshani iko futi kumi na nne. Nimepima mara mbili. Ningefurahi sana kama ningekuwa nimekosea."

Rubabbai hakupiga kelele. Aligeuza uso kuelekea pazia. "Shehnaz."

"Nisamehe, Mama."

"Ulijua?"

"Nisamehe."

"Umelala chumba kimoja nami siku zote hizi, unanipa uji kwa mkono wako, na unajua." Hakuonekana kukasirika. Alisema kama anayepanga vitu vya chumba mahali pake. "Masikini mtoto wangu. Umebeba peke yako."

Taiyeb alikuwa amepanda, amesimama mlangoni, ameyasikia ya mwisho. "Mama, usiseme neno! Inspekta, mama yangu ni mzee, ana msiba, hawezi kutoa maelezo yoyote. Hesabu zako za mchangani si ushahidi. Yule mkwezi alitishia, watu walisikia!"

"Taiyeb," mama yake alisema.

"Mama, watu watasema nini? Msikitini, sokoni, kote, watasema—"

"Watasema kweli. Kaa chini."

Taiyeb hakukaa, aliegemea fremu ya mlango.

Rubabbai alimgeukia Adelard. "Sheria inasema nini?"

"Sheria inatazama kusudio, Mama. Hukukusudia. Nitaandika maelezo yako, utayatia kidole, hakimu atasema ni ajali. Hakuna atakayekufunga. Lakini bila maelezo yako siwezi kumtoa Shomari. Shehnaz hakuona ikitoka mkononi, aliona ilipoangukia tu."

"Andika basi. Andika kwamba niliitupa mimi, Rubabbai, kwa mkono huu, na aliyepigwa nayo ni mwanangu."

"Tutaandika kituoni. Gari iko chini."

"Nitakuja." Alisimama, akajishika kwenye mgongo wa kiti mpaka miguu ikakubali. Kisha akauliza, "Ana mama, yule kijana?"

"Shomari? Anaye. Anakaa Mtoni."

"Amekwenda kumwona mwanawe?"

Marselino ndiye aliyejibu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa zamu. "Anakujaga kila asubuhi, Mama. Anakaa nje kwenye ukuta. Haruhusiwi kuingia, ila haondoki. Leo hakuja. Wamesema amelala, anaumwa."

Rubabbai alibaki na mkono juu ya kiti. Nyuma ya pazia Shehnaz alikuwa ameacha kulia.

"Mie nilipewa mkeka, nikapewa watu wa kulia nami," Rubabbai alisema. "Yeye alipewa ukuta."

Alishuka ngazi polepole, Marselino mbele yake akishuka kinyumenyume, mikono imenyooshwa kama anayebeba chombo kilichojaa. Adelard alimfuata. Chini, Pazi alikuwa bado anasubiri kwenye kivuli, akiwa na panga lake na nazi zake tatu.

"Afande, kazi ndiyo yangu sasa?"

"Nenda nyumbani, Pazi," Adelard alisema. "Mwenyewe anarudi."

Walimketisha Rubabbai kiti cha mbele. Marselino alishika usukani, akawasha gari, akamtazama mkubwa wake kwenye kioo.

"Kituoni, Afande?"

Adelard alimtazama yule mama. Alikuwa ametazama mbele, midomo yake ikitembea bila sauti.

"Mtoni kwanza," Rubabbai alisema kabla Inspekta hajafungua mdomo. "Mamake Shomari asijue kwa polisi. Ajue kwangu."